Mwaka Ambao Bi Povu Hakubadilisha Kitu

Watu wengi huishi mwaka mzima bila kubadilisha kitu chochote katika maisha yao na hakuna anayewashukuru. Bi Povu alishukuriwa, tena mbele ya ukumbi uliojaa watu wenye miwani, na makofi akapigiwa. Lakini tusianzie kwenye makofi. Tuanzie kwenye mashuka, kwa sababu ndiko alikoanzia mwenyewe.

Alikuwa dobi wa nyumba ya wageni ya ghorofa tatu. Jina la Bi Povu alipewa na wapishi, ambao hawakuwahi kuiona mikono yake ikiwa mikavu. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho na mdomoni mwa dada yake, na dada yake hakuwa mtu wa kupiga simu. Sehemu ya kufulia ilikuwa uani, nyuma ya jiko, sinki mbili za saruji na bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji. Kamba za kuanikia zilikuwa juu ya paa. Aliyechora ramani ya jengo lile bila shaka hajawahi kufua hata soksi zake. Kati ya sinki na kamba kulikuwa na ngazi za nyuma, nyembamba, zenye kona kila baada ya hatua chache, na lifti ilikuwa kwenye mipango ya Bosi tangu jengo likiwa jipya.

Ngazi hizo Bi Povu alizipanda na beseni la mashuka yaliyoloa tangu binti yake akiwa mgongoni. Binti huyo sasa alikuwa msusi mwenye saluni yake na ulimi mkali mdomoni. Mume alikwishafariki zamani. Goti la kulia lilitangulia kulalamika, la kushoto likafuata, labda kwa wivu, na mwaka alipotimiza miaka sitini na mbili yote mawili yalikuwa yanampigia kelele akipanda na akishuka.

Kuna jambo moja ambalo lazima lijulikane kuhusu mama huyu, la sivyo yaliyofuata yataonekana ya kipuuzi. Neno lake lilikuwa neno. Siku moja alimwahidi mgeni kwamba shati lake litakuwa tayari kabla hajaondoka asubuhi. Usiku mvua ikanyesha, shati halikukauka. Bi Povu alilifuata basi hadi stendi, akamkabidhi mgeni shati lake kupitia dirishani, likichuruzika maji. Mgeni akauliza, "Sasa nitalivaaje?" Bi Povu akajibu, "Hilo hatukuzungumza." Alirudi kazini ameridhika kabisa.

Basi akaja Mtafiti.

Alikuwa msichana mwembamba, mpole, mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, na alikuwa amepewa chumba katika zahanati ya mtaa. Utafiti wake ulihusu mazoezi, kuzeeka na afya njema, na kwa nini wenye nacho huzeeka taratibu ilhali wasio nacho huzeeka kwa haraka kama wanaokimbilia gari. Alitaka watu waliovuka sitini, wa kila tabaka. Siku Bi Povu alipokwenda kutafuta dawa ya magoti, akakutwa kwenye benchi na kuingizwa ndani. Kwenye kiti cha jirani alikuwa amekaa Mwalimu Mkuu, mwanamke aliyestaafu shule miaka mingi lakini hakuustaafu wadhifa. Mtaa mzima uliendelea kumwita hivyo, na yeye aliendelea kuitika.

"Mama, unafanya mazoezi?" Mtafiti alimuuliza Bi Povu.

"Mimi? Nipate wapi muda, mwanangu."

Mtafiti akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akamwambia akunje mikono kifuani, akae kwenye kiti, ainuke, akae tena, ainuke tena, ili aone nguvu ya miguu. Bi Povu alikaa. Kilikuwa kiti cha ofisi chenye mto laini, na alipoambiwa ainuke alimtazama binti wa watu kwa masikitiko ya kweli.

"Yaani ndiyo kwanza nimekaa."

Lakini aliinuka, kwa shida kidogo, na kila mara alipoinuka alisema "haya" kwa sauti ya chini.

Halafu kompyuta ikapiga kura. Wengine wangeingia kundi la mazoezi: wangepewa traksuti, mwalimu, muziki, na ukumbi mara kadhaa kwa wiki. Wengine wangekuwa kundi la kulinganishia. Mwalimu Mkuu, aliyekuwa na gari, mpishi na nyumba isiyo na ngazi hata moja, akaangukia mazoezi. Bi Povu akaangukia kundi la pili.

"Sasa sisi kazi yetu nini?" akauliza.

Mtafiti akamshika mkono. Tusimwonee, maneno yake yalitoka moyoni. "Mama, nyinyi ndio muhimu kuliko wote. Bila nyinyi hatuwezi kujua kama mazoezi yanasaidia. Kazi yenu ni kuishi kama mnavyoishi. Usibadilishe chochote kwa mwaka mmoja."

"Chochote?"

"Chochote, mama. Ukibadilisha, hesabu zetu zitavurugika."

Bi Povu alirudi uani akitembea kama mtu aliyekabidhiwa funguo za benki. Maisha yake yote watu walikuwa wakimtaka abadilike. Binti yake alimtaka ahame chumba, dada yake alimtaka apunguze ukali, daktari apunguze chumvi, Bosi aongeze kasi. Leo kwa mara ya kwanza msomi mzima amemtazama, na kumwambia abaki vilevile alivyo. Akaahidi. Tena alirudia kuahidi peke yake, mbele ya sinki.

Taabu ya ahadi ile ilikuja kwenye mambo madogo. Binti yake alimletea viatu vipya vyenye soli nene. Bi Povu akavitazama, akavigeuza, akavirudisha kwenye boksi lake. Akaendelea na ndala zake zilizoisha upande mmoja.

"Mama, ndala hizo zitakuua."

"Zitaniua kama kawaida. Ni utafiti."

Mafuta ya kuchulia magoti aliyakataa pia, kwa sababu hakuwa akichua kabla. Mpishi alipomwongezea kipande cha nyama kwenye sahani alikirudisha sufuriani, jambo lililomtia mpishi wasiwasi kwamba amemkosea. Hata kitanda, ambacho siku zote alipanga kukisogeza mbali na ukuta wenye unyevu, alikiacha palepale.

Lililompa tabu zaidi lilikuwa traksuti za Mwalimu Mkuu. Kundi la mazoezi lilitokwa jasho sana, na wanaotokwa jasho wanahitaji dobi. Mpishi wa Mwalimu Mkuu akaja uani na mfuko.

"Anasema umfulie vizuri, zisipauke."

Bi Povu alishika tama. Je, kufua jasho la kundi la kwanza ni kubadilisha kitu? Aliwaza hadi maji yakafurika kwenye sinki. Mwishowe akaamua kwamba kufua ni kufua. Tangu hapo akawa anapanda paani na mashuka ya wageni na traksuti za wazee wenzake, za kijani kibichi, akizianika kwa kupanga kana kwamba kundi zima la mazoezi limekuja juu kumsalimia. Alijivunia. Aliona sasa anashiriki makundi yote mawili.

Ndipo Bosi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alinunua mashine ya kufulia.

Ilikuja kwenye mkokoteni, nyeupe, yenye mlango wa kioo. Ikafungwa chumba kidogo cha chini kilichokuwa stoo. Bosi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuchelewa tu, na safari hii aliwahi. Akaweka meza ya kukunjia nguo, na mbele ya meza akaweka kiti. Si stuli. Kiti hasa, chenye mgongo na mto. Mashuka yangepandishwa na kuanikwa paani na kijana wa kuajiriwa. Bi Povu akaitwa.

"Mama, miaka mingi umenifulia. Sasa kaa. Ubonyeze kitufe, ukunje, basi. Paani huendi tena. Kiti hiki nimekununulia wewe."

Bi Povu alikitazama kile kiti. Magoti yake yalikitazama pia. Kama magoti yangekuwa na miguu yangekwenda yenyewe.

"Kizuri sana, bosi wangu," alisema. "Kitanisubiri?"

"Kikusubiri mpaka lini?"

"Nina utafiti. Bado miezi."

"Kiti kitasubiri, mama. Mashuka je?" Bosi alikuna kichwa, akamwangalia kuona kama anatania. Akampa mpaka mwisho wa mwezi afikiri.

Binti yake alipoyasikia alitoka saluni na kitana kikiwa kichwani, akaja hadi uani. Hakuwa na haja ya kupaza sauti lakini aliipaza.

"Mama, unajua unachofanya? Wale wanataka waone mtu asiyesaidiwa anavyoharibika. Wewe ndiwe wanayempima akiharibika!"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Hata jina lako la kweli hawalijui vizuri, waliliandika vibaya!"

"Nililiona. Sikulibadilisha."

Msusi akakaa juu ya beseni lililopinduliwa na kulia kwa hasira, kama mtoto. Bi Povu akamfuta uso kwa ncha ya shuka la mgeni. Alimpenda sana binti yake siku ile, na bado hakumkubalia.

Lakini hakuwa mjinga, na usifikiri hivyo. Jioni hiyo alimpigia simu Mtafiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimepewa kazi ya kukaa. Nikiichukua nitawaharibia?"

Tumtendee Mtafiti haki. Kwa wakati ule kundi lake la kulinganishia lilikuwa linambomokea mikononi. Wazee walipowaona wenzao na traksuti walishikwa na wivu, wakaanza kujitembeza alfajiri. Mmoja alinunua baiskeli. Mwingine alikutwa akiruka kamba na wajukuu. Kati ya wasio na kitu, aliyebaki hajaguswa na wivu wala baiskeli alikuwa Bi Povu. Na Mtafiti alijua jibu sahihi. Alifundishwa darasani na mtihani wake alifaulu.

"Kazi ni yako, mama. Mimi siwezi kukukataza."

"Najua huwezi. Nauliza kama nitawaharibia."

"Itatusumbua kidogo. Kama ingewezekana kusubiri hadi tumalize..."

"Basi nitasubiri."

"Lakini ni hiari yako kabisa, mama."

"Nimeshasema nitasubiri."

Mtafiti akashukuru, akashukuru tena, na simu ilipokatwa bado alikuwa anashukuru.

Mwezi uliisha. Kiti kikachukuliwa na shemeji yake Bosi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye magoti kama chuma kipya, ambaye hakufanya ubaya wowote zaidi ya kukaa. Alibonyeza kitufe, akapaka kucha rangi, akakunja. Na kwa kuwa Bi Povu alisema hataki kubadilishiwa chochote, Bosi aliona hakuna haja ya kuajiri kijana wa kupandisha paani. Mashine ilifua haraka kuliko mikono yoyote ya binadamu. Kilichokuwa kazi ya asubuhi nzima sasa kilikuwa tayari kabla ya chai, na kila kilichokuwa tayari kilitakiwa kupanda.

"Shikamoo mama," shemeji alisema kila baada ya muda, kwa adabu. "Mengine hayo tayari."

Bi Povu akapanda, akashuka, akapanda. Alijiuliza kama kupanda zaidi ni kubadilisha. Mtafiti alipokuja kumtembelea aliuliza swali moja tu, kama bado yuko kwenye shughuli zake za zamani. "Zilezile," Bi Povu akasema, "ila zimenenepa." Mtafiti akacheka, akaweka alama kwamba anaendelea kama kawaida.

Kuna siku, kwenye kona ya pili ya ngazi, magoti yalikataa. Hayakuuma sana. Yaligoma tu. Alikaa kwenye ngazi, beseni mapajani, maji ya mashuka yakimlowesha hadi kiunoni. Mgeni mmoja akapita na sanduku lake, akamwambia, "Pole mama, unapumzika?" Bi Povu akasema, "Hapana, mwanangu, sijaruhusiwa." Mgeni akacheka, akidhani ni mzaha, akaendelea kushuka. Bi Povu alipobaki peke yake alilia, kidogo, bila sauti. Aliogopa. Aliogopa kwamba safari hii ataivunja ahadi si kwa kupenda bali kwa kushindwa, na watu watasema alishindwa.

Hakuivunja. Mwaka ulitimia, akaenda zahanati kupimwa, akitembea upande upande. Akakunja mikono kifuani, akakaa kwenye kile kiti chenye mto laini. Akaambiwa ainuke. Alijaribu. Akajaribu tena. Mwishowe ilibidi ashike ukingo wa meza, na kanuni zinasema ukishika meza haihesabiki.

Mtafiti aliinamisha uso kwenye karatasi zake. "Pole, mama," alisema bila kumwangalia.

"Pole ya nini? Nimebadilisha kitu?"

"Hapana, mama. Hujabadilisha."

"Basi."

Wiki kadhaa baadaye waliitwa ukumbini kusikia matokeo. Kulikuwa na wakubwa wa afya mbele, chupa za maji mezani, na projekta iliyomulika ukuta. Mtafiti alizungumza vizuri. Ukutani kulitokea mistari miwili. Wa kijani ulipanda taratibu, mwekundu uliteremka. Wa kijani, alieleza, ni kundi la mazoezi: miguu imepata nguvu, pumzi zimeongezeka. Mwekundu ni kundi la kulinganishia.

Bi Povu alimgusa Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amekaa mbele yake na traksuti iliyofuliwa vizuri.

"Ule unaoshuka ndio mimi."

"Hongera," alisema Mwalimu Mkuu, kwa sababu alikuwa na adabu.

Mkubwa mmoja akasimama kutoa hitimisho. Alisema imedhihirika kwamba wazee wa kipato cha chini hawana mazoea ya mazoezi, na kwamba serikali na wadau lazima wawahamasishe waache kukaa tu. Wote wakapiga makofi. Bi Povu naye alipiga, kwa nguvu, maana aliona ni kazi yake iliyoonekana. Mtafiti aliomba wale wa kundi la pili wasimame wapongezwe. Wenzake wakasimama. Yeye aliinua mkono tu.

Baada ya shughuli, Mtafiti alimfuata kitini pake.

"Mama, sasa na nyinyi mtapewa mazoezi. Bure. Na traksuti."

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa kubadilisha?"

"Unaruhusiwa."

"Chochote?"

"Chochote, mama."

Kesho yake asubuhi Bi Povu alimfuata Bosi, akasimama mlangoni. Alisema yuko tayari kwa kile kiti. Bosi alitazama sakafu, akatazama dari. Alisema shemeji amekwishazoea. Alisema mambo ya ukoo mama unayajua. Alisema alimsubiri, na ni kweli alimsubiri. Bi Povu alimsikiliza hadi mwisho, akasema "sawa", na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alizipita ngazi za nyuma bila kuchukua beseni lililokuwa limewekwa pale limngoje. Alikuwa na hasira, hasira safi kabisa, na hakujua aiweke wapi.

Akaipeleka kwenye mazoezi.

Ukumbi ulikuwa uleule. Walipewa traksuti, yake ikawa ndefu miguuni. Mwalimu wa mazoezi alikuwa kijana mchangamfu mwenye filimbi shingoni, na alikuwa ameandaa mazoezi ya wenye magoti mabovu. Viti vilipangwa duara, kila mtu na chake. Mtafiti alisimama mlangoni na karatasi zake, kuona waliofika.

"Karibuni sana, wazee wangu!" kijana alipiga filimbi. "Zoezi la kwanza: tunakaa!"

Wote wakakaa. Bi Povu alikaa taratibu, akaegemea hadi mgongo ukagusa mgongo wa kiti, akanyoosha miguu mbele yake na kuiangalia.

"Safi! Sasa tunainuka!"

Wakainuka, kwa miguno na vicheko. Mmoja hakuinuka.

"Mama yangu pale, tunainuka," kijana alisema kwa upole. Akamsogelea. "Usipoinuka unaliharibu zoezi."

"Nimelisikia, mwanangu," alisema Bi Povu. "Mwaka mzima sikuharibu kitu." Kisha akanyoosha kidole mlangoni. "Mwambie yule binti aandike. Mwambie leo nimebadilisha."

Kijana alimtazama Mtafiti. Mtafiti alikuwa na kalamu mkononi, na hakuandika. Filimbi ikalia tena, wenzake wakakaa, wakainuka, wakakaa. Bi Povu alibaki amekaa.